Jina la kisiwa cha Ugiriki katika Kilatini: mwongozo kamili kwa kufuata njia ya Rodo

Anayejifunza Kilatini huku lugha yake ni Kiswahili ana mtaji ambao vitabu vya sarufi havimwambii, kwa kuwa viliandikwa kwa ajili ya watu wa lugha nyingine. Sisi husema "naenda Pemba", "nakaa Pemba", "natoka Pemba". Hatusemi "naenda katika Pemba" wala "nakaa Pembani". Lakini neno kisiwa likiingia tu, mambo hugeuka: "naenda kisiwani", "nakaa katika kisiwa cha Pemba". Kanuni hiyohiyo ndiyo inayotawala majina ya visiwa vya Ugiriki katika Kilatini. Wengine huikariri kwa taabu kama jambo la ajabu. Sisi tunayo mdomoni tangu utotoni, na kilichobaki ni kujifunza miisho ya maneno.

Nitafuata kisiwa kimoja, Rodo, kuanzia jina lake la Kigiriki hadi kwenye sentensi kamili za Kilatini, na njiani nitavigusa visiwa vingine pale vinapofundisha kitu ambacho Rodo haifundishi. Uwe na kamusi ya Kilatini, na uwe umeshapita kwenye makundi mawili ya kwanza ya nomino: lile la rosa na lile la dominus. Majina ya hali za nomino nitayaita nominativo (ya kiima), akuzativo (ya yambwa), genetivo (ya umiliki), dativo (ya mpokeaji), ablativo (ya mtoko na ya chombo) na lokativo (ya mahali).

Hatua ya 1: Lipate jina kwa Kigiriki, kisha uvushe herufi

Jina la kisiwa kwa Kigiriki ni Ῥόδος. Usianze na umbo la Kiingereza au la Kifaransa, kwa sababu huko miisho imeshakatwa na hutajua nomino ilikuwa ya kundi gani.

Warumi walivusha herufi kwa utaratibu unaoeleweka. Rho inayoanza neno hutamkwa kwa pumzi, nao wakaiandika rh: ndipo ikapatikana Rhodus. Kapa ikawa c (Κύπρος, Cyprus; Κρήτη, Creta). Khi ikawa ch (Chios), theta ikawa th (Thera), na fi ikawa ph (Seriphus). Ipsiloni ikawa y. Irabu pacha αι ikawa ae, kama katika Aegina. Οι ikawa oe, na ου ikawa u ndefu. Eta ikawa e ndefu, kwa hiyo Delos na Lemnos hutamkwa kwa kuvuta e, ilhali o ya Rhodus ni fupi.

Utaratibu huu haukuwapo tangu mwanzo. Warumi wa kale hawakuandika h hizi za pumzi, wala y haikuwa katika alfabeti yao. Cicero, msemaji maarufu wa Kirumi, anaeleza kwamba mshairi Ennius aliandika Burrus mahali ambapo watu wa baadaye waliandika Pyrrhus. Jina la Kigiriki lililofika kwa midomo ya mabaharia na askari lilichukua sura ya Kirumi kabisa. Lile lililofika kwa vitabu lilibaki na sura yake ya Kigiriki. Ndiyo maana jina moja huweza kuwa na maumbo mawili, na maumbo hayo tutakutana nayo tena katika hatua ya tatu.

Hatua ya 2: Tafuta asili ya jina, lakini kwa tahadhari

Hapa ndipo wengi hujikwaa, kwa sababu simulizi tamu huja haraka kuliko ushahidi.

Kwa Kigiriki waridi ni ῥόδον, na wenyeji wa Rodo wenyewe waliushika mfanano huo kwa mikono miwili. Mwaka 408 KK miji mitatu ya kisiwa, yaani Lindos, Ialysos na Kameiros, iliungana ikajenga mji mpya ulioitwa kwa jina la kisiwa, na ua la waridi likapigwa kwenye sarafu zake. Kabla ya hapo, katika utenzi aliomtungia bondia Diagoras mwaka 464 KK, mshairi wa Kigiriki Pindar alikuwa ameshasimulia asili nyingine: Rhodos ni binti wa Aphrodite na mke wa mungu jua, na kisiwa kiliibuka kutoka baharini kiwe fungu la jua. Kwa hiyo wenyeji walikuwa na waridi na bibi harusi, vyote viwili.

Lakini jina lina umri mkubwa kuliko sarafu zile. Homer anaitaja Rodo na miji yake mitatu katika orodha ya merikebu zilizokwenda Troya. Tena tazama sarufi: ῥόδον, ua, ni nomino ya jinsi ya kati, Ῥόδος, kisiwa, ni ya kike. Kufanana kwa sauti si undugu. Majina mengi ya visiwa vya Aegean, bahari iliyo mashariki mwa Ugiriki, huenda yalikuwapo kabla Wagiriki hawajafika, nao wakayakuta na kuyatafutia maana kwa maneno yao, kama watu wa kila mwambao wanavyofanya.

Mahali pengine maana inashikika zaidi. Δῆλος ni neno la kawaida la Kigiriki lenye maana ya "inayoonekana wazi", na Wagiriki walilifungamanisha na hadithi ya kisiwa kilichokuwa kikielea mpaka Leto alipomzaa Apollo juu yake. Kuhusu Samos, mwanajiografia Strabo anasema watu wa zamani waliita sehemu zilizoinuka samoi. Na kisiwa kingine cha kaskazini kikaitwa Samo ya Thrace, Samothracia. Mshairi wa Kirumi Virgil anaonyesha mshono wa jina hilo waziwazi anapoandika "Threiciamque Samum, quae nunc Samothracia fertur", yaani Samo ya Thrace, ambayo sasa huitwa Samothracia.

Kwa kazi yetu, jambo la kushika ni hili: kwa Mrumi Rhodus halikuwa na maana yoyote. Waridi kwake lilikuwa rosa. Alilipokea jina kama jina, akaanza mara moja kulivisha miisho ya lugha yake.

Hatua ya 3: Liweke katika kundi lake

Mwisho wa Kigiriki ndio unaoamua. Jina la -ος huingia kundi la dominus. Jina la -η au -α huingia kundi la rosa: Creta, Ithaca, Aegina, Euboea. Majina mengine huingia kundi la tatu, nayo hujionyesha kwenye genetivo: Salamis, Salaminis.

Rodo basi huenda hivi:

Nominativo: Rhodus (au Rhodos)
Genetivo: Rhodi
Dativo: Rhodo
Akuzativo: Rhodum (au Rhodon)
Ablativo: Rhodo
Lokativo: Rhodi

Maumbo yaliyo kwenye mabano ni ya Kigiriki, na washairi waliyapenda kwa sauti na kwa vipimo vyao. Ukiandika nathari, shika Rhodus na Rhodum. Lakini ukisoma ushairi ukakutana na -on, usidhani umepata nomino ya jinsi ya kati kama bellum. Ni akuzativo tu. Kadhalika Creta ina umbo la Crete, na Salamis ina akuzativo Salamina. Majina ya visiwa yaliyo katika umbo la wingi, kama Cyclades (kundi la visiwa vya Aegean), huchukua akuzativo ya Kigiriki Cycladas.

Jina la kisiwa cha Kos ni fupi hata likasumbua: huandikwa Cos au Cous, na akuzativo yake ni Coum. Katika Biblia ya Kilatini, Matendo 21:1, msafara wa Paulo unafika "Coum et sequenti die Rhodum", Kosi na siku iliyofuata Rodo. Hakuna kihusishi hata kimoja pale, na sababu yake iko katika hatua ya tano.

Hatua ya 4: Lipe jinsi ya kike, hata kama sura inakataa

Hili ndilo kosa la kwanza la kila mwanafunzi. Anaona Rhodus, anaona dominus, anaandika "Rhodus clarus". Si sahihi. Ni Rhodus clara. Samos, Delos, Lesbos, Lemnos, Naxos, Cyprus: vyote ni vya kike, kwa sababu νῆσος, "kisiwa" kwa Kigiriki, ni ya kike, na insula ya Kilatini vilevile.

Mswahili hana sababu ya kushangaa hapa. Neno kiongozi lina ki- kama kiti na kisu, lakini hakuna asemaye "kiongozi kimefika". Twasema kiongozi amefika, kijana mrefu, kipofu yule. Sura ya neno inavuta upande mmoja, maana inavuta upande mwingine, na maana inashinda. Ndivyo ilivyo kwa Rhodus: sura ni ya kiume, upatanisho ni wa kike. Miti nayo katika Kilatini hufuata njia hiyo (pinus, fagus), pamoja na miji kama Corinthus na nchi ya Aegyptus.

Ushahidi mzuri kuliko wote umo katika mstari wa mshairi wa Kirumi Horace: "Laudabunt alii claram Rhodon aut Mytilenen", wengine wataisifu Rodo mashuhuri, au Mitilene. Ndani ya maneno mawili, claram Rhodon, umepata somo zima. Kivumishi ni cha kike, na nomino iko katika akuzativo ya Kigiriki. Mimi mstari huu niliuandika kwenye karatasi nikaubandika ukutani mbele ya meza yangu, na tangu hapo sijakosea tena jinsi ya kisiwa.

Jinsi hiyo pia huokoa msomaji kwenye msemo maarufu "Hic Rhodus, hic salta". Asili yake ni hadithi ya mwanamichezo aliyerudi kwao akijigamba kwamba aliwahi kuruka mruko wa ajabu huko Rodo, na kwamba mashahidi wapo. Msikilizaji mmoja akamwambia hakuna haja ya mashahidi: hapa ndipo Rodo, ruka. Erasmus aliuweka kwa Kilatini kama "hic Rhodus, hic saltus", nomino saltus ikiwa na maana ya mruko. Hegel aliutumia hivyo mwaka 1821, na Marx mwaka 1852 akaandika salta, kitenzi ambacho kwa Kilatini kina maana ya kucheza ngoma zaidi kuliko kuruka. Sasa, hic ni nini? Wengi hutafsiri "hii Rodo". Haiwezekani, kwa kuwa "hii Rodo" ingekuwa haec Rhodus, kwa jinsi ya kike. Hic hapa ni kielezi, chenye i ndefu: "hapa".

Hatua ya 5: Mahali, mwendo na mtoko

Tumefika pale ambapo Kiswahili kinatubeba.

Miji yote na visiwa vidogo havichukui kihusishi katika Kilatini. Kinachobadilika ni mwisho wa jina. Kiswahili huacha jina lilivyo na kubadilisha kitenzi: nakaa Rodo, naenda Rodo, natoka Rodo. Kilatini hubadilisha na jina pia: kukaa ni Rhodi, kwenda ni Rhodum, kutoka ni Rhodo.

Kwenda: mwandishi wa Kirumi Suetonius anasimulia kwamba Julius Caesar, akiwa kijana, "Rhodum secedere statuit", aliamua kwenda kukaa Rodo ili asome ufasaha wa kusema kwa Apollonius Molon. Maharamia walimkamata njiani. Cicero naye alikuwa amesoma kwa mwalimu huyohuyo, na kurudi kwake tunaweza kukuandika hivi: Cicero Rhodo Romam rediit, Cicero alirudi Roma kutoka Rodo. Maeneo mawili katika sentensi moja, hakuna kihusishi. Kukaa: Tiberius Rhodi vixit, Tiberius aliishi Rodo, nako alikaa kuanzia mwaka 6 KK hadi mwaka 2 BK kabla hajawa kaisari.

Lokativo ya kundi la dominus hufanana na genetivo, na ya kundi la rosa pia: Cretae, "huko Krete". Maana yake hutaitambua kwa sura bali kwa kazi yake. Ukikuta Rhodi bila nomino ya kumilikiwa karibu, na kitenzi ni cha kukaa au kutenda, tafsiri "huko Rodo". Cornelius Nepos, mwandishi wa Kirumi, ametupa sentensi inayofaa kukaririwa kuhusu majemadari wa Athene: "Conon plurimum Cypri vixit, Iphicrates in Thracia, Timotheus Lesbi, Chares Sigei." Conon aliishi zaidi Kipro, Iphicrates Thrace, Timotheus Lesbos, Chares Sigeum. Visiwa na mji vimekaa peke yao; Thrace, kwa kuwa ni nchi, imechukua in.

Swali linalofuata ni la haki: kisiwa kidogo ni kipi? Sicilia, Sardinia na Britannia ni vikubwa, navyo huchukua in kama nchi. Kipro na Krete viko mpakani. Caesar anaandika kwamba Pompeius alionekana "Cypri", bila kihusishi. Krete utaikuta kwa njia zote mbili: in Creta kwa waandishi wa nathari, na Cretae kwa Virgil. Ushauri wangu: kwa Krete na Euboea andika in, kwa vilivyobaki vya Aegean acha kihusishi. Hakuna atakayekukosoa.

Neno insula likiingia, kihusishi hurudi. "Katika kisiwa cha Rodo" ni in insula Rhodo. Angalia Ufunuo 1:9 katika lugha mbili. Kiswahili: "katika kisiwa kiitwacho Patmo". Kilatini: "in insula quae appellatur Patmos". Kisha fungua Tito 1:5. Kiswahili: "nalikuacha Krete". Kilatini: "reliqui te Cretae". Watafsiri hawa hawakujuana, lakini lugha zao zimekwenda sambamba.

Kuna sehemu moja tu ambapo Kiswahili kitakuponza. Sisi husema kisiwa CHA Rodo, na mkono utataka kuandika insula Rhodi. Kanuni ya kawaida ya Kilatini ni kuweka majina mawili sambamba katika hali ileile, kama sisi tunavyosema "Mzee Juma" na si "Mzee wa Juma": insula Rhodus, insulam Rhodum, in insula Rhodo.

Jambo dogo la mwisho hapa: ad Rhodum ni sahihi pia, lakini maana ni "karibu na Rodo" au "kuelekea maji ya Rodo", si kufika ndani.

Hatua ya 6: Tengeneza kivumishi na jina la wenyeji

Chukua shina, ongeza -ius, -ia, -ium. Rhodius ni mtu wa Rodo, Rhodii ni wenyeji na pia ndilo jina la dola yao. Utakutana na Rhodiensis vilevile. Kivumishi hiki, tofauti na jina la kisiwa, hufuata jinsi ya nomino yake kama kivumishi kingine chochote.

Vivumishi hivi vimebeba historia ya biashara ya bahari ile. Marmor Parium ni marumaru ya Paros, na vinum Chium ni mvinyo wa Chios. Coa vestis ni vazi jepesi la kupenyeza mwanga la Kos. Aes Cyprium, "madini ya Kipro", likafupishwa kuwa cuprum, shaba. Alama ya Cu ambayo kila mwanafunzi wa kemia anaijua ni jina la kisiwa cha Kipro. Mshairi Catullus alimwita mpenzi wake Lesbia, "mwanamke wa Lesbos", kwa heshima ya Sappho, mshairi wa kike wa kisiwa hicho.

Lakini lenye uzito kuliko yote ni lex Rhodia, sheria ya Rodo kuhusu kutosa shehena. Sheria za Kirumi zinaeleza kwamba mizigo ikitoswa baharini ili kuipunguzia merikebu uzito, hasara hulipwa kwa mchango wa wote, kwa kuwa kilichotolewa kilitolewa kwa ajili ya wote. Kanuni hiyo ingali hai katika sheria za usafirishaji wa baharini hadi leo. Kwa Creta uwe mwangalifu: mtu wake ni Cres au Cretensis, na kivumishi cha vitu mara nyingi ni Creticus.

Hatua ya 7: Soma, kisha ujaribu mwenyewe

Soma mistari hii ya Virgil kwa sauti:

"Linquimus Ortygiae portus pelagoque volamus
bacchatamque iugis Naxon viridemque Donusam,
Olearon niveamque Paron sparsasque per aequor
Cycladas."

Aeneas na watu wake wanaondoka Delos, ambayo hapa inaitwa Ortygia. Tafuta akuzativo za -on: Naxon, Olearon, Paron. Tafuta vivumishi vya kike: bacchatam, niveam, sparsas. Paros ni nivea, nyeupe kama theluji, kwa ajili ya marumaru yake. Ukiweza kueleza kila mwisho, umeshalishika somo.

Kisha ujaribu jina la Kigiriki la kisiwa chetu. Katika karne ya 1 BK mfanyabiashara mmoja aliandika kwa Kigiriki mwongozo wa safari za pwani hii, akataja kisiwa cha Μενουθιάς, chenye mitepe iliyoshonwa kwa kamba na wavuvi wa kutumia madema. Wanahistoria hubishana kama ni Pemba, Unguja au Mafia. Lipitishe jina hilo kwenye hatua zetu: theta inakuwa th, ου inakuwa u, na mwisho ni wa kundi la tatu kama Cyclades. Utapata Menuthias, genetivo Menuthiadis, akuzativo Menuthiadem au Menuthiada, ablativo Menuthiade, jinsi ya kike. Tafsiri sentensi tatu kabla ya kutazama majibu.

Merikebu ilifika Menuthias kutoka Rodo.
Tulikaa siku tatu katika kisiwa cha Menuthias.
Wengine wataisifu Menuthias mashuhuri.

Majibu:

Navis Rhodo Menuthiadem venit.
Tres dies in insula Menuthiade mansimus.
Laudabunt alii claram Menuthiada.